Neno Nililomnyima Baba

Watu wa hapa kijijini wakitaka kumsifu marehemu baba yangu husema, "Enoch Plumridge alikuwa na mikono." Mikono! Kila mtu ana mikono. Hata mimi ninayo, na hakuna aliyewahi kunipongeza kwa hilo. Wanachotaka kusema ni kwamba baba alikuwa mpindaji wa mbao za viti, na tangu afe hajatokea wa kumfikia. Kisha wananigeukia mimi: "Na wewe Mwalimu, ulimpa mzee wako heshima kwa kusoma." Hapo ndipo ninapotamani ardhi ipasuke inimeze. Nimenyamaza miaka arobaini. Leo nasema, na atakayenicheka na anicheke.

Jina langu ni Keziah. Nimezaliwa hapa Hollin Row, kwenye misitu ya juu ya Wycombe, na wakati ule kila nyumba ilikuwa inatengeneza viti au vipande vya viti. Huyu anachonga miguu, yule anachimba kikalio, mwingine anaunganisha. Baba alikuwa anapinda. Ule upinde unaotoka kwenye kikalio, ukapanda, ukazunguka mgongo wako na kushuka upande wa pili, ule ndio uliokuwa mkate wetu.

Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba. Kulikuwa na sanduku refu la mbao, na sufuria kubwa chini yake ikichemka kutwa, mvuke ukiingia sandukuni. Baba alikuwa anaingiza ufito wa mti humo, anangoja, anautoa mbiombio na glovu kuukuu, kisha yeye na mwenzake Amos Dormer wanauzungusha kwenye kalibu, huyu ncha hii na yule ncha ile, wanahema utadhani wanavuta ng'ombe kwenye tope. Wanagonga vigingi, wanagonga kabari. Mgeni akiona hivyo anadhani kazi imekwisha. Wapi! Baba alikuwa anachukua kamba, anafunga ncha moja hadi nyingine, anakaza, ndipo anautoa upinde kwenye kalibu na kuutundika darini wiki tatu.

"Ufito ukitoka kwenye mvuke ni mpole kama mtoto aliyeamshwa usingizini," alikuwa akisema. "Usidanganyike. Upole wake ni wa dakika moja."

Maana usipoufunga, au ukiifungua kamba mapema, upinde unaachama, ncha zinaachana. Na una ujanja, pengine usiachame leo. Unangoja uwe kiti, kiti kiuzwe, mtu mnene aketi. Mpindaji ambaye upinde wake umeachama alikuwa na adhabu yake: wenzake walimvisha kamba shingoni, akashinda nayo mpaka jua lizame. Aende dukani, aende kanisani, kamba iko shingoni, na hakuna kuivua. Baba aliivaa mara moja tu, kabla hajaoa, na mpaka uzee wake hakupenda tuizungumzie.

Baba hakujua kusoma. Alikuwa mtu wa kanisa letu dogo la Kimethodisti, na alipokuwa na miaka kumi na tisa alisimama mbele ya watu akaapa kuacha pombe. Hakuionja tena. Hata siku ya harusi yake alikunywa chai, na Amos hakuacha kumtania: "Enoch, hata birika lako limeokoka!" Uongo nao hakuuweza. Mama akimuuliza kama mkate umeungua, anasema umeungua, kisha anaula wote.

Sasa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nafundisha watoto wadogo shuleni huku nikisoma ili niwe mwalimu kamili. Mwalimu mkuu, Bi Frith, alikuwa anatuchapa viganja tukiongea kikwetu, Kiingereza cha mashamba. Mwaka mmoja nyuma nilikuwa nimekwenda mjini kuhojiwa, nikafungua mdomo kusema jina la kijiji changu, na msichana mmoja wa kule, mwenye glovu nyeupe, akacheka. Kicheko kile kilinikaa rohoni kama mwiba wa samaki. Tangu siku hiyo nikaanza kusahihisha watu. Nilimsahihisha mama mezani, nikamsahihisha muuza maziwa, nikamsahihisha hata mhubiri. Watu walinivumilia tu, sijui kwa nini.

Mwezi wa tano mwaka 1896 akaja Bwana Lathom, na baiskeli yake na madaftari yake. Alikuwa anakusanya maneno ya watu wa mashamba kwa ajili ya kamusi kubwa, na alikuwa rafiki wa mkaguzi wa shule, yule yule ambaye angenipa cheti au kuninyima. Bi Frith akaniambia nimpeleke kwa baba. Njiani nilikuwa naomba kimoyomoyo baba awe amevaa shati safi.

Hakuwa amelivaa. Alikuwa amelowa jasho, na Amos yuko pembeni anatafuna mkate na kitunguu. Bwana Lathom akaketi juu ya gogo, akatoa penseli.

"Mzee Plumridge, kazi hii mnaiita nini hapa?"

"Bend," akasema baba.

"Na maana yake?"

Baba akamtazama kama aliyeulizwa maana ya maji. "Maana yake kufunga."

Bwana Lathom akainua kichwa. "Kufunga? Si kupinda?"

"Kupinda ndiko kufunga, bwana. Mkono haupindi kitu. Mkono unabembeleza tu. Anayepinda ni kamba. Babu yangu alikuwa anatupeleka msituni, anatuambia, 'Kuni hizo, bend!' Na kuni hatukuzikunja hata siku moja, tulizifunga mzigo tukajitwika. Na ule upinde wa mishale wa watu wa zamani, waliupindaje? Si kwa kamba? Itoe kamba, umebaki na fimbo."

Nilihisi masikio yanawaka moto. Kufunga! Kila mtoto wa darasa langu alijua bend ni kupinda. Bwana Lathom lakini alikuwa anaandika, anaandika, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Akauliza jina la baba linaandikwaje, nikamtajia herufi moja moja.

"Jina lako litakaa kitabuni, Mzee Plumridge," akasema. "Chini ya maneno yako, na jina la kijiji."

Baba akavua kofia. "Jina langu? Kwenye kitabu?"

"Kwenye kitabu."

"Loo, Profesa!" akapiga kelele Amos, vipande vya kitunguu vikamtoka mdomoni. "Nikusalimie kwa kupiga magoti sasa, au ningoje kitabu kitoke?"

Baba alikuwa anageuzageuza kofia mkononi. Sijawahi kumwona na uso ule, si kabla wala baada.

Nikamsindikiza mgeni mpaka getini. Na pale getini nikafanya nililolifanya. Niliona kitabu kile mezani kwa mkaguzi. Nikaona jina Plumridge, na chini yake upuuzi ule wa kufunga kuni, na yule msichana wa glovu nyeupe anacheka tena. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu ulimponza mtu mwingine.

"Samahani, bwana," nikasema. "Yale ya kufunga usiyaandike."

"Kwa nini, binti?"

"Baba... ameonja kidogo leo. Akionja huwa anabuni mambo."

Ndiyo. Baba yangu, ambaye birika lake limeokoka. Nilisema hivyo, kwa Kiingereza safi kabisa ambacho Bi Frith angekisifu.

Bwana Lathom akanitazama kwa huruma, na huruma ile niliipokea, mimi mtu mzima na akili zangu. Akafungua daftari, akapiga mstari. "Umefanya vema kunitahadharisha. Kitabu kama hiki uongo mmoja tu unakichafua." Akapanda baiskeli yake akaenda.

Niliporudi, baba alikuwa amesimama karibu na dirisha la karakana, ameshika kipande cha kamba.

"Bwana ameondoka salama?"

"Salama, Baba."

"Hakusema kitu?"

"Amesema asante."

Baba akatikisa kichwa polepole, akarudi kwenye sanduku lake. Nilishukuru hakuuliza zaidi.

Amos ndiye aliyeeneza habari. Kabla ya Jumapili kijiji kizima kilijua Enoch Plumridge ataingia kitabuni, na kuanzia hapo baba akawa Profesa. "Profesa, mvua itanyesha?" "Profesa, mke wangu kanuna, hilo nalo lina neno lake?" Miaka minane, nawaambia! Mwanzoni alikuwa anakasirika, baadaye akazoea, na mwishoni niliona analipenda jina lile, maana mtu akimwita hivyo alikuwa ananyoosha mgongo kidogo, mgongo ambao kazi ilikuwa imeshauinamisha.

Kitabu kile kilikuwa kinachapwa herufi kwa herufi. Kila mwaka mpya baba alikuwa ananiuliza, "Wamefika wapi?"

"Bado wako kwenye A, Baba."

"A peke yake? Miaka yote hiyo? Hao nao wanachonga kwa kijiko?"

Lakini mara nyingine, tukiwa peke yetu, alikuwa anauliza kwa sauti nyingine. "Kez, unadhani wataliweka?"

"Aliliandika, Baba. Ulimwona mwenyewe."

"Nilimwona akiandika, ndiyo," alikuwa anasema, kisha anarudia kazi yake.

Msifikiri sikuwa na nafasi ya kurekebisha. Nilikuwa nayo miaka minane. Kalamu ninayo, karatasi ninayo, anwani ya Bwana Lathom Bi Frith anayo. Mara mbili nilianza barua. Mara mbili nilifika pale pa kuandika, "Baba yangu hanywi, mimi ndiye niliyesema uongo," na mara mbili nikaitia jikoni ikaungua. Kwa sababu nilikuwa nimeshapata cheti. Mkaguzi alikuwa ameandika kwamba mimi ni mtu mwaminifu. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Wangu uliumbwa na haya kweli, ila ilikaa mahali pasipostahili: niliona haya kwa maneno ya baba, sikuona haya kumwita mlevi.

Novemba 1904 herufi B ikafika. Mfadhili wa chumba chetu cha kusomea alikuwa amekiagiza, na Jumamosi mchana, baada ya kazi, baba akavaa koti lake la kanisani. Mama akampiga brashi mabegani. Mimi nilisema kichwa kinaniuma.

"Kichwa kitapona," akasema mama. "Baba yako hajui kusoma. Nani atamsomea?"

Tulipotoka nje tukawakuta wanaume kumi na kitu wanangoja, Amos mbele yao amejitia tai. "Mpisheni Profesa!" Wakacheka, lakini si kwa ubaya. Walikuwa wanafurahi kweli. Mtu wao mmoja, mpindaji wa viti, alikuwa anakwenda kuliona jina lake.

Kitabu kilikuwa mezani, kizito, kina harufu ya gundi. Wanaume wakavua kofia. Baba akasimama upande wangu, akaweka vidole viwili ukingoni mwa meza, kama anavyofanya kanisani. Nilifungua nikitafuta, nikiomba ukurasa ule uwe umechanika. Haukuwa umechanika.

"Soma, Mwalimu," akasema Amos. "Kwa sauti, tulio viziwi tusikie."

Nikasoma. "Bend. Maana ya kwanza na ya kale kuliko zote: kufunga." Nilidhani nimeruka mstari. Nikarudia. "Kufunga, kuufunga upinde kwa kamba ili ukae umejikunja. Neno hili ni ndugu wa yale ya kufunga na ya kifungo. Maana ya kupinda imekuja baadaye, kwa kuwa upinde uliofungwa kamba hupinda. Mabaharia hata leo hulitumia kwa kufunga kamba na matanga."

Amos akapiga kofi mgongoni mwa baba, kelele zikalipuka. "Amesema! Si alisema? Niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili!" Mtu akapiga meza, mtu akapiga mluzi. Baba alikuwa bado anakitazama kitabu.

Mimi nilikuwa nimeganda. Miaka minane nilikuwa nikijitetea kwa neno moja tu, kwamba angalau niliokoa kitabu kisiandikwe upuuzi. Kumbe mpuuzi nilikuwa mimi. Mzee asiyejua kusoma alikuwa na neno zima mkononi, na mizizi yake, na mimi na cheti changu nilikuwa na jani moja tu.

"Soma tena," akasema baba kwa sauti ndogo. "Pale pa kamba."

Nikasoma tena. Nikaona kilichoandikwa chini yake, nikakifunga kitabu.

"Mbona unafunga?" akasema Amos. "Na jina?"

"Hawaandiki majina," nikasema.

Fred Tapping alikuwa nyuma yangu. Huyu ni tarishi wa barua, na macho yake yamezoea maandishi madogo. Akanyoosha mkono, akafungua, akaweka kidole. "Wanaandika, Mwalimu. Hili hapa. 'Kuni hizo, bend, yaani zifunge. R. Hearn, mpindaji, Studmore.'"

Reuben Hearn! Reuben alijifunza kazi kwenye benchi la baba kabla hajahamia kijiji kile. Maneno yale aliyapata kwa baba, kama alivyopata mkate na chai yake kwa miaka mitano.

Kwanza wakadhani ni utani. Kisha wakacheka, na sasa kicheko kilikuwa na makali. "Kumbe profesa ni Reuben!" "Enoch, umepinduliwa na mwanafunzi wako!" Na mmoja kule nyuma, sikumjua ni nani, akasema, "Miaka minane tunamwita Profesa, na wala hakuandikwa. Mzee wa kanisa naye anaongopa?"

Amos hakuwa anacheka. "Enoch," akasema, "yule bwana si alikuandika? Mimi nilikuwepo. Ilikuwaje akakufuta?"

Macho yote yakawa kwa baba. Ya baba yakaja kwangu. Hayakukaa, yalinigusa tu yakaondoka. Nikafungua mdomo. Haki ya Mungu nilitaka kusema. Wanaume wale walikuwa wazazi wa watoto ninaowafundisha, na kila asubuhi nilikuwa nawafundisha wanao kwamba uongo ni dhambi. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka.

"Nilimwambia mwenyewe asiliandike," akasema baba. "Nilimfuata baadaye njiani. Niliona ni majivuno."

"Ala! Mbona hukutuambia?"

"Niliona raha kuitwa Profesa."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza ninaoujua, na aliusema vibaya, akitazama sakafu, jambo lililofanya wauamini zaidi. Wakaangua kicheko. Mtu akasema, "Upinde umeachama!" Wengine wakadakia: "Umeachama! Umeachama!" Mpindaji hakosi kamba mfukoni, na Amos alikuwa nayo. Akaishika bila kupenda, naona mpaka leo alivyokuwa akisitasita, lakini desturi ni desturi. Baba akainamisha kichwa mwenyewe. Amos akamvisha.

Tukatoka. Jua lilikuwa bado juu ya msitu kidogo, kama saa nzima hivi kabla halijazama. Tukapita dukani, wanawake wakatoka kutazama. Tukapita kanisani, mhubiri alikuwa anafagia majani, akauliza kuna nini, wakamwambia. Akamtazama baba, akatikisa kichwa, akaendelea kufagia. Kesho yake hawakumpa baba aongoze sala, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini. Na mimi nilitembea pembeni yake na kofia yangu ya ualimu, watu wakiniamkia kwa heshima, "Habari za mchana, Mwalimu," nikawaitikia. Niliitikia kila mmoja.

Wenzake walibaki njia panda. Tukafika mlangoni sisi wawili.

"Baba," nikaanza. "Baba, siku ile..."

"Nilikuona, Kez."

"Uliniona wapi?"

"Getini. Dirisha la karakana si linatazama huko? Nilikuona ulivyoinua mkono mdomoni." Akainua wake, akaupindua juu ya midomo kama mtu anayekunywa kutoka kwenye chupa. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mkono uliusaidia mdomo. "Nikajua unamwambia nini."

"Miaka yote hii?"

"Nilikuwa nadhani," akasema baba, "labda yule bwana hakukuelewa."

Akafungua mlango, akasogea pembeni ili mimi nitangulie kuingia.